Mafuta ya Mijafari Dume

Ripoti iliyomfanya Mama Paskalia aitwe mhujumu niliiandika mimi, kwa mkono wangu, saa nne asubuhi, nikiwa nimeshiba chai na maandazi na bila wasiwasi wowote. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaonijua hudhani nilikuwa upande wake tangu mwanzo. Sikuwa.

Ilikuwa mwaka wa sabini na sita. Nilikuwa fundi katika maabara ndogo mjini Morogoro, kijana wa miaka ishirini na minane mwenye koti jeupe na maneno mengi. Tulikuwa tunapima mazao ya vijiji vya Ujamaa kabla hayajapelekwa viwandani: karanga za Gairo, ufuta, asali, nta. Kijiji cha Lubwelele, pale milima ya Uluguru inapoanza kupanda, kilituletea kitu kigeni kidogo. Kilileta mafuta ya majani ya mjafari, kwa sababu kiwanda kimoja cha sabuni Dar es Salaam kilitaka mafuta ya kunukia ya hapa hapa nchini badala ya kuyaagiza Ulaya.

Mjafari si mti wa ajabu. Shina lake lina miba yenye vitako vinene, tawi lake ni mswaki, na jani ukilisugua vidoleni linanuka ndimu. Mbegu zake nyeusi zinazong'aa huchemshwa kwenye chai kwa ajili ya kifua na homa. Watu wa Lubwelele walikuwa na mapipa mawili, bomba la shaba na maji ya mto ya kupozea mvuke. Mtambo wenyewe haukutofautiana sana na ule wa kupikia gongo, na nadhani ndiyo sababu Mama Paskalia alichaguliwa kuusimamia, ingawa kwenye mkutano walisema ni kwa uaminifu wake. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mtu wa misheni asiyekosa misa, na moto alikuwa anaujua. Aliinamisha sikio kwenye pipa, akasema punguzeni kuni, na wakapunguza.

Mafuta ya kwanza yalikuja mwezi wa Desemba na yalikuwa mazuri sana. Ukifungua chupa, chumba kizima kinanuka ndimu. Niliandika "safi kabisa" na kiwanda kikaomba mengine. Ya pili yalikuja mwezi wa Machi, na nilipofungua tu nikakunja uso. Ndimu haikuwepo. Kulikuwa na harufu kali ya tapentaini, ile ya karakana ya mpaka rangi. Nikatia matone machache kwenye spiriti, kama nilivyofundishwa. Mafuta ya Desemba yalikuwa yameyeyuka yote, spiriti ikabaki angavu. Haya yakaifanya spiriti kuwa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele.

Darasani tuliambiwa kwamba mafuta ya kunukia yakifanya hivyo, mtu ameyachanganya na mafuta ya taa au tapentaini. Sikupima kwa njia nyingine. Niliandika "yamechanganywa", nikaweka sahihi, Rehani bin Pazi, nikaenda kunywa maji. Sikufikiria kwamba neno hilo lina mtu ndani yake, yule aliyechanganya, na kwamba ufunguo wa banda la mtambo alikuwa nao mtu mmoja tu.

Siku zile neno hujuma lilikuwa jepesi mdomoni. Haikuisha wiki, Bwana Mwinjuma, afisa wa miradi wa wilaya, akatangaza mkutano Lubwelele siku ya Jumamosi. Ripoti yangu ingesomwa mbele ya wanakijiji, Mama Paskalia angejibu, na jioni ile ile angepanda gari kwenda polisi. Watu walishaanza kulitaja gereza la Kingolwira wakati bado yuko nyumbani kwake anapukuchua mahindi.

Mkuu wangu wa kazi, mzee Yunusi, aliisoma ile nakala siku ya Jumanne. Akaniuliza nimeyapima kwa njia ngapi. Nikamjibu kwamba moja inatosha. Mzee Yunusi hakuwa mtu wa kubishana. Alinipa ufunguo wa Land Rover, akasema niende nikachukue majani mwenyewe, niyapike mwenyewe humu ndani, halafu ndipo niseme. Niliondoka na hasira, nikikusudia kurudi na ushahidi wa kummaliza yule mama.

Nilimkuta kwenye banda anasugua pipa kwa majivu. Nikampa shikamoo, kwa sababu hata mwizi akiwa mkubwa wako utamwamkia. Akaitika marahaba mwanangu, akaendelea kusugua. Nikamuuliza alitia nini. Akasema majani na maji. Nikamuuliza, kwa ile sauti niliyokuwa naipenda wakati ule, mafuta ya taa aliyanunua wapi.

"Kibatari changu hakijawaka tangu Januari," alisema. "Duka la kijiji halina mafuta ya taa, na la mjini nalo halina. Ningeyapata ningewasha taa, mwanangu, nisingeyatia kwenye pipa la serikali."

Alikuwa amesema kweli, na kweli yenyewe hata mimi nilikuwa naiishi. Nyumbani kwangu Mji Mpya mke wangu Asia alikuwa anapanga foleni kwa lita moja. Nilikuwa nimemtuhumu mtu kwamba amemwaga bidhaa adimu ndani ya bidhaa ya bure. Niliona aibu, na mimi nikiona aibu huwa mkali zaidi. Nikamwambia basi anieleze kwa nini harufu imebadilika. Alitazama mlimani, akatazama mikono yake yenye majivu, akasema yeye anapika anacholetewa.

Nikaamua kufuatana na wachumaji. Kiongozi wao aliitwa Dadi, mtu mzima wa miaka kama thelathini na tano, mcheshi, mwenye kofia ya ukindu. Tulipanda naye na wenzake watatu kwenye miteremko iliyo juu ya kijiji. Mjafari wa kwanza tulioufikia ulikuwa umekwishakatwa matawi, umebaki shina na miba. Wa pili ulikuwa umesheheni majani, na vishada vya matunda ndiyo vinaanza kuwa vyekundu. Wakaupita. Wa tatu nao ulikuwa na matunda, wakaupita. Wa nne haukuwa na tunda hata moja, wakaushambulia kwa mapanga mpaka gunia likajaa nusu.

Nikamuuliza Dadi kwa nini wameiacha ile miwili. Akasema ina miba. Nikamwonyesha kwamba hata huu una miba. Akasema basi ina nyuki. Nikarudi, nikasimama chini ya mti, sikusikia nyuki yeyote. Akasema, huku anacheka, kwamba labda nyuki wamekwenda kunywa maji. Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikampokonya mwenzake panga, nikashika tawi lenye matunda. Dadi akanishika mkono, na safari hii hakuwa anacheka.

"Bwana maabara, huo ni wa kina Mwaisha."

Nikamwambia hakuna mti wa kina Mwaisha. Mwenyekiti wa kijiji alikwishaandika wilayani kwamba miti yote ya Lubwelele imekabidhiwa kwa kijiji, na barua hiyo niliiona kwa macho yangu.

"Imeandikwa, ndiyo," alisema Dadi. "Lakini mimi hapa nimeoa tu."

Alinieleza kwa shida, kama mtu anayetoa siri ya nyumba ya wakwe zake. Kwao ukoo unafuata mama, na wanauita lukolo. Mjafari unaozaa una mwenyewe. Mama humwachia binti, binti humwachia binti yake. Matunda yake humngoja mzazi, akijifungua anapewa chai yake siku saba, na mtoto anasuguliwa kifua kwa mbegu zilizotwangwa. Mwanamume aliyeoa pale hawezi kuugusa mti wa ukoo wa mke wake, hata Chama kikisema aguse. Lakini mjafari usiozaa hauna mwenyewe. Mtu yeyote anakata mswaki, anakata fito, hakuna wa kumuuliza. Kwa hiyo walipoagizwa majani, bila mkutano na bila mtu kumkonyeza mwenzake, kila mchumaji aliipita ile yenye wenyewe.

Nikauliza vipi kuhusu yale ya Desemba. Dadi akasema yale waliyachuma kwenye mipaka ya shamba la mkonge la zamani, kule chini, ambako hakuna mama wa mtu aliyewahi kuishi. Kule walikata yote, yenye matunda na isiyo na matunda. Yalipokwisha ndipo wakapanda huku.

Nilikaa chini kwenye jiwe. Kila mtoto wa Morogoro anaujua mpapai dume, ule unaotoa maua mengi yanayoning'inia na hauzai, na mama yake anaukata kwa hasira. Mimi niliyesoma kemia sikuwahi kujiuliza kama mjafari nao una dume na jike. Watu hawa walijua mti gani unazaa na upi hauzai tangu wanatambaa. Walichokuwa hawajui, na mimi sikujua, ni kama mafuta ya majani yao ni tofauti.

Nilihitaji majani ya aina zote mbili. Ya dume nilijaza gunia. Ya jike nilikwenda kumwomba Mama Paskalia. Alinitazama, akatambua kwamba Dadi ameshasema. Kisha akanipeleka kwenye mti uliokuwa nyuma ya nyumba yake, mti wa mama yake, akachuma mwenyewe jani moja moja, akikwepa kila kishada cha matunda. Ilichukua karibu saa mbili kujaza kikapu.

Alhamisi na Ijumaa sikutoka maabara. Niliyapika majani kwenye chupa za kioo, dume peke yake, jike peke yake, mara tatu kila moja. Mafuta ya jike yalinuka ndimu na kuyeyuka kwenye spiriti bila doa. Mafuta ya dume yalinuka tapentaini na kuifanya spiriti nyeupe, na hakuna mkono wa mtu uliokuwa umetia kitu. Nikayaweka kwenye vibao vya kioo vilivyopakwa unga mweupe, ambavyo vikisimamishwa kwenye dawa inayopanda taratibu hutenganisha vilivyomo ndani ya mafuta. Ya jike yaliacha doa kubwa katikati ya kibao. Ya dume yalikimbia karibu yote mpaka juu, kama yanavyofanya mafuta ya namna ya tapentaini. Mti wenyewe ulikuwa unaitengeneza. Sisemi ni hivyo kwa mijafari yote ya nchi hii, maana ya kwingine sijapima. Nasema ya Lubwelele, msimu ule.

Mzee Yunusi alitazama vibao, akavua miwani, akanipa mkono. Nilifurahi mno. Niliona jina langu kwenye jarida, nikaona safari ya masomo ng'ambo, nikajiona nimevaa tai. Mama Paskalia alinijia kichwani baadaye, nilipokuwa natembea kwenda nyumbani. Ni aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi nilifika Lubwelele mapema, kabla ya gari la wilaya. Nilimweleza Mama Paskalia yote, dume na jike, vibao na madoa, kwa furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye mapaja. Nilitegemea shukrani.

"Sema umekosea," aliniambia. "Sema umekosea, halafu ukae."

Nikamwambia watauliza nimekosea vipi. Akasema niwaambie sijui, mtu anaruhusiwa kutojua. Akanieleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mwanawe. Wakiambiwa kwamba mafuta mazuri yako kwenye mti unaozaa, wataagiza ukatwe, na wakati huu matunda hayajakomaa. Ukikatwa sasa hakuna matunda mwaka huu, na mti uliokatwa matawi yote hauzai mwaka wa pili pia. Binti wa Mwaisha alikuwa na mimba ya miezi minane. Yeye mwenyewe alikuwa na wajukuu wawili wenye vifua. Afadhali kiwanda kikatae mafuta, mtambo ufe, na yeye aitwe mpishi asiyejua kupika. Alichokuwa hataki ni kuitwa mwizi na kufungwa, na hilo mimi ningeweza kulimaliza kwa neno moja.

Nikamwahidi. Nilisema sawa mama, nitasema nimekosea, nitakaa. Na wakati ule nilikuwa nakusudia hivyo.

Mkutano ulifanyika darasani, wazee kwenye madawati, akina mama sakafuni, wengine madirishani. Bwana Mwinjuma aliniita nisome ripoti. Nikasimama, nikasema ripoti ile ina makosa, makosa ni yangu, mafuta hayakuchanganywa na kitu, na Mama Paskalia hana hatia yoyote. Akina mama walishusha pumzi kwa pamoja, nikaisikia. Mama Paskalia aliinamisha kichwa, midomo yake ikichezacheza, nadhani alikuwa anasali.

Nilikuwa nimeshaanza kukaa. Bwana Mwinjuma hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa ametoka mbali kuja kumkamata mtu na sasa hakuwa na wa kumkamata. Akasema, kwa upole tu, kwamba inaonekana fundi wetu bado anajifunza kazi. Akauliza kama ripoti ijayo tuiamini nayo, au amwombe mkubwa wake alete mtu aliyesoma. Darasa zima likacheka. Dadi naye alicheka, na kofia yake ikaanguka.

Masikio yaliniwaka moto. Sijui namna nyingine ya kulieleza hili. Nilikuwa na kitu ambacho hakuna mtu katika chumba kile aliyekuwa nacho, na walikuwa wananicheka. Nikasimama tena. Nikasema sikukosea kwa ujinga, nilikosea kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa halijawahi kupimwa na mtu. Nikachukua chaki. Nikachora mti dume na mti jike ubaoni, nikaeleza mpapai, nikaeleza spiriti, nikaeleza madoa. Nilizungumza kama dakika ishirini. Kicheko kilikwisha kabisa, na utulivu ule nikadhani ni heshima.

Bwana Mwinjuma alikuwa anaandika. Aliponyanyua kichwa aliuliza swali la mtu mwenye akili. Je, kwa matumizi ya kiwanda, mti unaotakiwa ni huu unaozaa? Nikasema ndiyo. Akauliza ipo mingapi hapa. Nilikuwa nimeihesabu siku ile na Dadi, kwa mapenzi ya kazi tu, na idadi ilinitoka kabla sijafikiri. Mia moja na kumi na minne.

"Na kwa nini haikuchumwa?"

Hapo ndipo nilipoona nilikofika. Nilitazama kule walikokaa akina mama. Hakuna aliyenitazama. Nikasema ina miba. Bwana Mwinjuma akasema miba si sababu kwa nchi inayojenga uchumi wake, na kwamba kuanzia Jumatatu ichumwe hiyo, mimi niwepo na mizani ili nihakikishe dume halichanganywi. Akanishukuru mbele ya wote. Alisema wataalamu wa namna hii ndio wanaotakiwa. Mwenyekiti akapiga makofi na wengine wakafuata, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Jumatatu nilifika na mizani ya kuning'iniza na daftari la maabara. Wachumaji walikuwa wamesimama nyuma ya nyumba ya Mama Paskalia, mapanga chini, hakuna aliyetaka kuanza. Yeye alikuwa ameshaanza. Alikuwa amefunga khanga kiunoni na anaukata mti wa mama yake tawi baada ya tawi, na vishada vya matunda vilikuwa vinaanguka vikiwa bado vigumu, havifai hata kuanikwa. Dadi alitaka kumsaidia. Alimkatalia, akamwambia yeye ni mkwe, akae.

Mti ulipobaki shina, alikusanya majani, akayashindilia kwenye gunia, akaliburuta mpaka kwenye mizani yangu. Ufunguo wa banda alikuwa ameshamrudishia mwenyekiti asubuhi ile. Nilianza kumwambia kwamba mama, mimi sikukusudia, mimi nilitaka tu.

"Ulitaka wasikucheke," alisema, bila kupandisha sauti. "Andika. Kilo kumi na nane. Twende kwa kina Mwaisha."

Nikaandika kumi na nane, na pembeni yake nikaandika jike. Tulipanda njia, yeye mbele na panga lake, mimi nyuma na mizani begani. Mwaisha alikuwa amesimama mlangoni pamoja na binti yake, na binti alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, wanatungoja tufike.